Kashiwa Wakicheza, Kitengela Tunafungwa

Ndugu yangu mwenye mke na watoto, wewe utanielewa kabla sijafika mbali. Shida ya kushabikia timu ya Japani ukiwa Kitengela ni saa. Wajapani wametutangulia kwa saa sita. Jirani yangu wa Arsenal hupata mechi yake jioni, watu wamekula, vyombo vimeoshwa, watoto wamechoka. Kashiwa Reysol wakicheza jioni ya kwao, kwetu ni saa saba mchana: ugali uko jikoni, nguo ziko kwenye beseni, na kuna mtoto anaita kutoka chooni. Wakicheza mchana wa kwao, kwetu ni saa mbili asubuhi, saa ya chai na kutafuta soksi. Sijawahi kupata dakika tisini za Ligi ya Japani ambazo nyumba hii haikuziingilia. Nimeshazoea.

Watu huniuliza nimeitoa wapi hiyo Kashiwa. Naitoa kwa Michael Olunga. Mimi ni mtu wa Gor Mahia tangu utotoni, na mwaka 2015 nilimwona kijana huyo akiwa na jezi ya kijani, mrefu, mguu wa kushoto kama panga, msimu ule ambao Gor walichukua ligi bila kupoteza mechi hata moja. Huku nyuma alikuwa mwanafunzi wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya, ndiyo maana watu wakamwita Injinia. Alipokwenda Sweden nikamfuata kwa simu. Alipokwenda China nikamfuata. Kule Uhispania akawafungia Girona mabao 3 katika mechi moja, nikanunua soda za watu wanne. Mwaka 2018 akatua Kashiwa, timu ikashuka daraja mwaka huohuo, nami nikabaki naye huko chini. Kisha ikafika Jumapili ya tarehe 24 Novemba 2019, siku ya mwisho ya daraja la pili. Tulikuwa tumetoka kanisani nikafungua simu: Kashiwa 13, Kyoto Sanga 1. Olunga peke yake mabao 8. Nilidhani programu ya matokeo imeharibika. Nikaizima simu, nikaiwasha. Nane bado zilikuwa nane. Timu ikarudi daraja la kwanza ikiwa bingwa.

Na kuna jambo jingine lililonifunga kwa timu hii. Kashiwa ni mji wa pembeni, katika jimbo la Chiba, kama kilomita 30 kutoka katikati ya Tokyo. Watu wake hupanda treni alfajiri wakafanye kazi mji mkubwa, kisha hurudi kulala. Klabu yenyewe ilianzishwa mwaka 1940 ikiwa timu ya wafanyakazi wa kampuni ya Hitachi. Uwanja wao ni mdogo, wa watu kama 15,000, na majukwaa yamekaribia nyasi kiasi kwamba mchezaji anayerusha mpira anasikia watu wakihema mgongoni. Jezi ni ya njano, na jina Reysol limetokana na maneno ya Kihispania ya mfalme na jua. Sasa niambie, mtu wa Kitengela atakosaje kuwapenda? Sisi pia ni kama kilomita 30 kutoka Nairobi. Sisi pia huamka saa kumi kuwahi matatu. Jua tunalo la kutosha Kajiado nzima. Na rangi ya njano hapa ndiyo rangi ya maisha, maana ndiyo rangi ya mitungi ya maji, ile ya lita 20 inayopita asubuhi kwa mkokoteni wa punda.

Kabla sijaingia kwenye mkasa wenyewe, nikujulishe kikosi. Kifungua mimba wangu, msichana, mwaka wa mkasa huo, 2020, alikuwa na miaka 13. Tunamwita VAR, kwa sababu hakuna neno lililosemwa katika nyumba hii ambalo hawezi kulirudisha nyuma na kulitazama upya. “Baba, Jumanne ulisema chipsi Ijumaa.” Anayemfuata ni mvulana wa miaka 9, Dakika za Nyongeza. Mwambie aoge, atataka tano. Mwambie alale, atataka kumi. Kitindamimba alikuwa na miaka minne na jina lake ni Kadi Nyekundu: akianza kulia sebuleni, ni wewe unayetoka. Kisha kuna shemeji yangu, mdogo wake Mama Watoto, ambaye tunamwita Ofisaidi. Huyu hutangulia kila kitu. Ukimwalika chakula cha saa saba, saa tano yuko mlangoni, amekaa mbele kabisa, anasubiri pasi. Nampenda kijana huyo, lakini sijawahi kumwona amechelewa hata siku moja ambayo ningefurahi achelewe.

Mama Watoto ni binti wa Kajiado mjini. Ana cherehani chumba cha mbele, na mwaka ule wa korona barakoa zake ndizo zilizotulisha, kwa kuwa kiwanda nilichokuwa nikitunza stoo kilinipeleka nyumbani kwa nusu mshahara. Ndiye aliyenishonea jezi yangu ya Kashiwa kutokana na vitambaa vya njano vilivyobaki, mgongoni akaweka 14, namba ya Olunga. Mama yake ni mama mkwe wangu. Mimi nimetoka upande wa ziwa na yeye ni Mmaasai wa kuzaliwa na kulelewa kwenye heshima, ile wanayoiita enkanyit. Siku ya ndoa nilimpa kondoo, na tangu siku hiyo ananiita Paker nami namwita Paker, yaani yule tuliyepeana kondoo. Moyoni mwangu, na ndani ya kurasa hizi tu, yeye ni Kocha. Kashiwa walikuwa na kocha wao Mbrazili, Nelsinho Baptista, mzee aliyetimiza miaka 70 Julai ya mwaka huo, ambaye mwaka 2011 aliwapa ubingwa wakiwa wametoka tu kupanda daraja. Mama mkwe wangu ni wa namna hiyohiyo. Hasemi sana. Husimama pembeni na fimbo yake, anaangalia, na wewe unajua umekosea kabla hujaambiwa.

Sasa twende Julai 2020.

Kashiwa walikuwa wameanza msimu vizuri tarehe 22 Februari kwa kuwafunga Sapporo 4-2. Siku chache baadaye ligi ikasimama kwa sababu ya korona. Machi shule zetu zikafungwa. Aprili 6 serikali ikafunga eneo la Nairobi, na mpaka huo, ndugu yangu, ulipita katikati ya ndoa yangu. Kitengela tulihesabiwa ndani pamoja na Rongai na Ngong, Kajiado mjini ikawa nje. Ni kama kilomita 50 tu kwa barabara ya Namanga, lakini kwa miezi mitatu Mama Watoto hakumwona mama yake. Mdogo wake wa kike akajifungua huko, mtoto wa kwanza, na Mama Watoto akamwona mtoto kwenye simu. Nilimsikia usiku akishona barakoa na kuvuta kamasi. Mashine ikisimama, najua analia. Ikianza, najua amejifuta.

Tarehe 4 Julai Ligi ya Japani ikarudi, bila mashabiki uwanjani, na kanuni zake za dharura. Sikiliza kanuni hizo maana zitarudi mbele. Kwanza, msimu huo hakuna timu ingeshuka daraja, hata ikishika mkia. Pili, VAR waliyokuwa wameianzisha mwaka huo katika daraja la kwanza wakaiondoa. Tatu, kila timu iliruhusiwa kubadilisha wachezaji watano. Kashiwa wakarudi na kufungwa na FC Tokyo 1-0.

Julai 7 kizuizi kikaondolewa. Julai 8 asubuhi Mama Watoto alikuwa kwenye matatu na mfuko wa nguo za mtoto mchanga alizozishona mwenyewe. Watoto akaniachia, asije akampelekea mzee ugonjwa kwa kikosi kizima. Akiwa mlangoni alinieleza mambo mengi, kwa haraka, akihesabu kwa vidole: gesi, token za stima, dawa ya minyoo, kuku, boza la maji linalokuja Jumatano ya pili. Mimi nilikuwa naitikia ndiyo, ndiyo. Nilikuwa nafikiria kwamba siku hiyohiyo saa saba tunacheza na Yokohama FC.

Tulifungwa 3-1. Tulifungwa uwanjani na tulifungwa jikoni. Maharagwe yalishika chini wakati wa bao la pili. VAR akaleta sufuria sebuleni, akaifunua mbele yangu kama hakimu, akasema, “Mama huongeza maji moto, si baridi.” Wajapani walikuwa wameiondoa VAR, kwangu iliendelea na kazi, asubuhi, mchana na jioni.

Julai 11 tukaenda Kawasaki, kwa wale Frontale ambao hatimaye walichukua ubingwa msimu huo, tukapigwa tena 3-1. Mechi tatu tangu ligi irudi, vipigo vitatu. Siku hiyo gesi iliisha omena zikiwa nusu. Nikatoka kutafuta mtu wa gesi, mvua ya usiku ilikuwa imenyesha, na wewe kama umewahi kuishi Kitengela unaujua ule udongo mweusi. Kiatu kinaingia, mguu unatoka, kiatu kinabaki. Nilirudi na mtungi begani na kiatu kimoja mkononi, nikamkuta Kadi Nyekundu amemvisha kuku jezi yangu ya njano. Nambari 14 ilikuwa inakimbia uani ikinyea. Nilikaa kwenye ngazi nikapumua. Ofisaidi, ambaye alikuwa amekuja kutusaidia, aliniuliza kama omena zimeiva.

Usidhani nalalamika. Wewe uliyeachiwa nyumba wiki mbili unajua kwamba hakuna wa kulalamikiwa. Nyumba haikuwa na njama nami. Ni mambo madogomadogo, kila moja na saa yake, kila moja na dawa yake, na aliyejua saa na dawa alikuwa Kajiado amebeba mtoto mchanga. Nilimpigia simu mara nyingi kwa siku. Chumvi ya akiba iko wapi? Huyu akikohoa usiku anapewa nini? Alijibu yote bila kufikiri, sauti ya mtoto ikisikika nyuma. Hakuna hata mara moja aliposema subiri nikumbuke.

Julai 18 Kashiwa wakashinda, nyumbani nasi tukapata pumzi. Nilipika chapati zikaliwa. Dakika za Nyongeza alioga bila nyongeza. Nikajiambia hali ya timu inapanda, na nikampigia simu mama yao kumwambia achukue muda wake. Akacheka, akasema anarudi Jumatano, na mama yake anamsindikiza kumwona VAR na wenzake mara moja, kisha arudi kabla ya kafyu ya saa tatu usiku.

Nilishika ukuta. Kocha alikuwa hajawahi kuingia kwangu. Kwa mila yao na kwa mila yetu, mama mkwe hazoei nyumba ya mkwe wake, na miaka yote hiyo tuliheshimiana kwa umbali, mimi nikienda Kajiado, yeye akipokea salamu. Korona ilikuwa imemfundisha kila mtu kwamba kuonana si jambo la kuahirisha. Jumatano hiyo ilikuwa Julai 22. Saa saba mchana Kashiwa wanawakaribisha Urawa Reds, mojawapo ya klabu zenye mashabiki wengi zaidi Japani. Na ilikuwa Jumatano ya pili, siku ya boza.

Sasa nikwambie kuhusu tangi. Letu ni la lita 5,000, jeusi, limekaa juu ya vyuma vilivyoinuliwa kuliko dirisha la chumba cha kulala, ili maji yashuke yenyewe. Boza likija, dereva anakupa mdomo wa bomba, bomba nene kama mkono wa mtu mzima, unapanda ngazi, unaliingiza juu, anawasha pampu. Miaka yote hiyo nilidhani kazi imeishia hapo. Boza lilikuwa likija mimi niko kazini.

Nyuma ya mlango wa jikoni, kwenye msumari, huning'inia blada, ule ukanda wa mpira wa tyubu kuukuu ambao watu wa bodaboda hufungia mizigo. Ni mweusi, mrefu kiasi cha kufikia dari, na ncha moja imepasuka mara mbili kama ulimi wa nyoka. Nilipita hapo kila siku. Nilining'iniza kofia yangu juu yake. Sikuwahi kuuliza ni wa nini.

Boza lilifika saa saba kasorobo. Ofisaidi alikuwa ameshafika, kwa matatu, mbele ya dada yake na mama yake waliokuwa wanakuja kwa Probox ya jirani yao. Nilipanda ngazi na bomba begani, simu mfukoni, nikaingiza mdomo wa bomba tangini, nikamwambia Ofisaidi asimame hapo alishike. Dereva akawasha pampu. Upepo wa Kitengela ulikuwa umeamka, ule wa Julai, wa baridi, unaotoka kwenye mbuga bila kukutana na mti. Nikashuka kuangalia ugali.

Simu ikatetemeka. Bao, Kashiwa. Nikapiga kelele. Dakika za Nyongeza naye akapiga kelele bila kujua ni nini. Ofisaidi, kule juu, akasikia kelele kutoka jikoni na akaelewa neno moja tu: chakula. Akaliacha bomba akashuka.

Bomba lenye maji ya pampu halikai bila kushikwa. Liliruka kama ndama anayefungwa kamba mara ya kwanza. Lilitoka tangini, likageuka kwa upepo, likatazama dirisha la chumba cha kulala lililokuwa wazi kwa sababu nilikuwa nimetandika vizuri na kutaka hewa iingie, kwa heshima ya mgeni. Maji yakaingia kama yamealikwa. Yalimwagikia godoro, cherehani iliyohamishiwa humo kupisha wageni sebuleni, na mfuko wa unga wa kilo kumi uliokuwa chini ya kitanda. Mimi nilikuwa natazama simu. Ikatetemeka tena. Nilisikia mshindo nikadhani ni furaha yangu.

Aliyenishtua ni Kadi Nyekundu. Alikuja jikoni miguu imelowa mpaka magoti, hakulia hata kidogo, akasema, “Baba, ziwa.”

Nikatoka mbio. Dereva anapiga honi na kuongea na simu. VAR amepanda kitandani anaokoa vitambaa vya barakoa. Bomba linacheza hewani. Na kwenye lango, Probox ndiyo inasimama.

Mama Watoto hakunisalimu. Alimpa mama yake mtungi wa maziwa waliokuja nao, akapita kando yangu, akaingia jikoni, akatupa kofia yangu mezani na kuchukua blada. Akapanda ngazi na viatu vya safari. Akalikamata bomba chini ya mdomo, akalikunja kuelekea tangini, akalifunga kwenye chuma cha pembeni: mzunguko mmoja, wa pili, wa tatu, kisha ile ncha iliyopasuka akaipitisha chini ya mpira na kuivuta. Ilichukua muda mfupi kuliko ninavyoueleza. Bomba likatulia kama mtoto aliyebebwa na mama yake. Akakaa juu pale, mkono mmoja kwenye tangi, akisikiliza maji yakipanda, na alikuwa anajua kwa sauti yamefika wapi.

Kocha alikuwa amesimama uani, shuka lake jekundu limepigwa na upepo, miguu pembeni ya tope. Aliangalia dirisha. Aliangalia godoro ambalo Ofisaidi alikuwa analitoa nje. Aliangalia jezi yangu ya njano. Nikainamisha kichwa nikamwamkia. Akaitikia kwa upole. Kisha akauliza, bila ukali, kama mtu anayetaka kweli kujua: “Paker, kwani siku zote wewe hukaa wapi?”

Mfukoni simu ikatetemeka tena. Siku hiyo Kashiwa waliwapiga Urawa Reds 4-0. Bao la nne nililiona usiku, nimelala sakafuni na watoto watatu.

Swali la mzee huyo sikulijibu siku hiyo, na limekuwa likinifundisha mpira tangu hapo. Kwa sababu kufikia katikati ya msimu kila mtu Kenya alikuwa anasema Kashiwa wako vizuri. Olunga alikuwa mbele katika orodha ya wafungaji, magazeti yanamwandika, vijana wa stendi wanauliza Kashiwa ni wapi. Mimi nilianza kuona kitu kingine. Niliona timu inayompa mtu mmoja kila mzigo. Mpira ukikwama, mpe Kumi na Nne. Ukitoka nyuma, mrushie Kumi na Nne akimbie. Akifunga, mabeki wanaruhusu. Akifunga tena, wanaruhusu tena. Ushindi ulikuwa unaficha udhaifu, kama vile chakula mezani kinavyoficha aliyekipika. Nilimwambia jirani wa Arsenal mwezi Septemba: hii timu ni nzuri, lakini akikosekana huyu mmoja hatujui hata blada iko wapi. Hakunielewa.

Msimu ulipoisha Desemba, Olunga alikuwa na mabao 28 katika mechi 32, wakati aliyemfuata alikuwa na 18. Alichaguliwa mchezaji bora wa ligi nzima, Mwafrika wa kwanza kupewa heshima hiyo Japani. Mcameroon Patrick Mboma alikuwa mfungaji bora huko mwaka 1997, lakini tuzo ya mchezaji bora hakuna Mwafrika aliyekuwa ameigusa. Nilijivunia hadi nikasimama wima sebuleni peke yangu. Na pamoja na yote hayo, mabao ya mtu mmoja yakiwa karibu nusu ya mabao ya timu, Kashiwa walimaliza nafasi ya 7. Fainali ya Kombe la Ligi, ambayo walikuwa wamefika, iliahirishwa kwa sababu korona iliingia kambini mwao Novemba. Ilipochezwa Januari 4, 2021, FC Tokyo walishinda 2-1. Mwezi huohuo Olunga akahamia Al-Duhail ya Qatar. Msimu uliofuata, bila yeye, Kashiwa wakamaliza wa 15 kati ya timu 20.

Nikakumbuka wiki zangu mbili za Julai. Nyumba yangu nayo ilikuwa inaonekana iko vizuri. Watoto safi, maji yapo, ugali upo. Mimi nilikuwa nahesabu ushindi huo kuwa wetu sote.

Jioni ile ya Julai 22, Kocha alipoondoka kabla ya giza, nilimwomba Mama Watoto anifundishe kufunga blada. Alidhani natania. Nikapanda ngazi, tangi likiwa limejaa, bomba likiwa limekwenda na boza, nikafunga kipande cha mti badala yake. Mara ya kwanza kikateleza. Mara ya pili akanishika kidole akakiweka mahali pake. Alikuwa amechoka, nguo za safari zimelowa, godoro letu limeegemezwa ukutani linadondoka matone, na hakuwa amenikemea hata neno moja. Ndipo nilipomwita Kumi na Nne kwa mara ya kwanza. Aliuliza maana yake. Nikamwambia ni mtu anayefunga karibu nusu ya mabao ya timu. Akasema, “Basi nyinyi wengine mjifunze kufunga.” Nikacheka mpaka ngazi ikatikisika, lakini alikuwa anasema kweli tupu.

Tumejifunza kidogokidogo. VAR anajua gesi inaagizwa wapi. Dakika za Nyongeza huosha vyombo, polepole, ila huviosha. Ofisaidi ameoa, na mke wake ameshatupigia simu mara mbili. Mimi bado nafungwa: mwezi uliopita tu nilianika nguo za shule mvua ikiwa inakuja, na VAR alilirudia tukio hilo mezani hatua kwa hatua. Lakini boza likija sasa, hata kama Kashiwa wanacheza, simu hubaki mezani. Na Kashiwa wenyewe nao walijifunza. Mwaka 2025, wakiwa na timu inayopasiana mpira kutoka nyuma hadi mbele na kazi imegawanywa, walimaliza wa pili, pointi 1 tu nyuma ya mabingwa Kashima Antlers. Olunga hayupo kule siku nyingi, na mimi bado ni wao.

Wewe mwenzangu, ukiona timu yako inashinda katikati ya msimu, usitazame jedwali peke yake. Tazama ni nani anakimbia wengine wakiwa wamesimama. Na kwako nyumbani, kabla mwenzako hajasafiri, nenda jikoni uangalie nyuma ya mlango. Kuna kitu kinaning'inia hapo umekipita miaka yote. Muulize ni cha nini, na umwombe akufundishe mafundo yake angali yupo. Ya kwetu ni mizunguko mitatu, na ncha hupita chini.